Waltham: Mji wa Merikani na Saa

Kampuni ya saa ya Waltham ilianzishwa mwaka 1850 karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Ilihamia mji wa Waltham mwaka 1854, na ilipoacha kutengeneza saa mwaka 1957 ilikuwa imeuza saa zaidi ya milioni 30. Ndiyo kampuni ya kwanza kufanikiwa kutengeneza saa za mfukoni kwa mashine na kwa wingi, sehemu za saa moja zikiweza kuingia katika saa nyingine ya aina hiyohiyo.

Mji huo ulikuwa na sifa yake hata kabla ya saa. Miaka 40 kabla ya kampuni hiyo kuhamia hapo, kando ya Mto Charles, palijengwa kiwanda cha nguo cha kwanza Marekani kilichopokea pamba ghafi mlango mmoja na kutoa kitambaa kilichokamilika mlango mwingine. Viwanda vilivyofuata mfano wake ndivyo vilivyofuma merikani, kitambaa kilichopita Zanzibar, Bagamoyo na Tabora hadi kwa Mwata Kazembe, mtawala wa bonde la Luapula kusini mwa Ziwa Mweru. Merikani na saa za Waltham ni bidhaa mbili za wazo moja: kazi zote ziwe chini ya paa moja, mashine ishike nafasi ya mkono wa fundi, na kila kinachotoka kifanane na kilichotangulia. Kufanana huko ndiko kulikokipa kitambaa thamani ya fedha barani Afrika, na ndiko kulikoipa saa soko lake Marekani.

Nguo kwa Mwata Kazembe

Dola ya Kazembe iliasisiwa na Walunda waliotoka magharibi, kwenye himaya ya Mwata Yamvo, wakaweka makao katika bonde la Luapula yapata mwaka 1740. Waliwakuta Washila, wavuvi wa mto na ziwa, wakawatawala. Bonde lilikuwa na samaki na mihogo kwa wingi. Palikuwa na mabwawa ya chumvi, na ng'ambo ya mto, Katanga, palichimbwa shaba iliyosubuliwa kwa umbo la msalaba na kusafirishwa mbali. Kila Mwata aliyetawazwa alijenga mji wake mpya karibu na dimbwi la Mofwe. Mwansabombwe, kando ya mto Ng'ona, ilikuja kuwa makao ya kudumu mwishoni mwa karne ya 19.

Dola ilisimama katikati ya njia za biashara za magharibi na mashariki. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilipita mikononi mwa Mwata au kwa idhini yake, na wageni hawakuruhusiwa kununua pembe kienyeji bila yeye kujua. Wabisa ndio waliokuwa wachukuzi na madalali wa kwanza wa kuelekea mashariki, hadi vituo vya Wareno kwenye Zambezi na hadi pwani ya Kilwa. Mwaka 1798 Wareno wenyewe walifika, wakiongozwa na Francisco José de Lacerda e Almeida, mwanahisabati na mpima nyota aliyetaka kufungua njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola. Lacerda alifariki dunia Oktoba mwaka huohuo, baada tu ya kufika karibu na mji wa Mwata Ilunga Lukwesa. Wachuuzi wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenzake, walifika mwaka 1806, wakazuiliwa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Tete. Msafara mwingine wa Wareno, wa Monteiro na Gamitto, ulifika mwaka 1831 na kuondoka mwaka uliofuata bila mafanikio makubwa ya biashara.

Wakati huo Waswahili na Waarabu wa Zanzibar walikuwa wanaingia kupitia njia ya Tabora na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mmisionari David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na kuingia mji wa Kazembe baadaye mwezi huohuo, alimkuta huko mfanyabiashara Mohammed bin Saleh, ambaye alikuwa ameishi hapo kwa miaka mingi bila kupewa ruhusa ya kuondoka. Aliondoka pamoja na Livingstone mwaka 1868, kisha akaishi Ujiji.

Misafara hiyo ilibeba shanga, waya za shaba nyeupe na bunduki, lakini kilichotangulia ni nguo, na katika nguo zote merikani ndiyo iliyopendwa zaidi. Ilikuwa kitambaa cha pamba kizito, kisichopaushwa wala kutiwa rangi, chenye nyuzi zilizokazwa sawasawa. Kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti, na jora zima lilikuwa na yadi 30. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kwa shuka na doti watu walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, walinunua chakula njiani, walilipa wapagazi na kukadiria thamani ya pembe. Mwata naye aligawa nguo kwa wakuu wake, na mgao huo ulikuwa sehemu ya utawala, kwa kuwa aliyevikwa na Mwata alijulikana ni mtu wa Mwata.

Fedha inataka kitu kisichobadilika. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono hutofautiana upana, uzito na ukazo, hivyo kila kipande lazima kikaguliwe na kupatanwa bei upya. Merikani ya kiwanda haikuwa na usumbufu huo. Mwenye jora Tabora na mwenye jora Luapula walijua wanazungumzia kitu kilekile. Ndiyo sababu kitambaa cha Massachusetts kilivishinda vitambaa vingi vya India vilivyokitangulia sokoni, ingawa kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, iliendelea kupendwa.

Meli za Marekani zilianza kufika Zanzibar kwa biashara katika miaka ya 1820. Wengi wa manahodha na wafanyabiashara wake walitoka bandari ya Salem, Massachusetts. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli zilileta merikani na bidhaa nyingine za viwandani, zikaondoka na sandarusi ya kutengenezea vanishi, karafuu, ngozi na pembe. Pembe nyingi zilipelekwa jimbo jirani la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa vibao vyembamba vya kubandikwa kwenye vidole vya piano. Ndovu aliyeuawa karibu na Mweru aliweza kuishia katika sebule ya Boston, na jora lililofumwa karibu na Boston likaishia katika baraza la Mwata.

Kiwanda kando ya Mto Charles

Kiwanda kilichoweka msingi wa nguo hizo kilijengwa Waltham, kilomita chache magharibi ya Boston, mahali Mto Charles unapoporomoka vya kutosha kuzungusha magurudumu ya maji. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikuwa ametembelea viwanda vya Uingereza na kuvichunguza kwa makini, kwa sababu Uingereza haikuruhusu mashine zake wala michoro yake itoke nje. Aliporudi alishirikiana na fundi Paul Moody kuunda kitanda cha kufumia kinachoendeshwa kwa nguvu za maji. Kampuni yao, Boston Manufacturing Company, iliandikishwa mwaka 1813 na kiwanda kikaanza kazi mwaka uliofuata.

Hadi hapo viwanda vya Marekani vilisokota uzi tu, kisha uzi ukagawiwa kwa wafumaji majumbani. Waltham ilikusanya kuchambua, kusokota na kufuma katika jengo moja, chini ya uongozi mmoja, kwa mtaji uliochangwa na wenye hisa. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wa mashambani waliolipwa mshahara na kukaa katika mabweni ya kampuni. Kilichofumwa ni kitambaa cheupe kizito cha aina moja tu, kwani kufuma kitu kimoja kwa miaka ndiko kulikoleta faida. Lowell alifariki mwaka 1817, na katika miaka ya 1820 wenzake walijenga mji mzima wa viwanda kwenye Mto Merrimack na kuupa jina lake. Kutoka Lowell na miji iliyoiga mfumo wa Waltham ndiko kulikotoka majora yaliyopakiwa kwenye meli za Salem.

Pamba yenyewe ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kitambaa hicho kilitumika pia kununulia watumwa Afrika ya kati, hivyo utumwa ulikuwepo kwenye ncha zote mbili za biashara hiyo.

Fundi saa na wazo la bunduki

Aaron Dennison alizaliwa jimbo la Maine mwaka 1812 na kujifunza kazi ya fundi saa, kisha akafungua duka Boston. Wakati huo saa karibu zote za mfukoni zilizouzwa Marekani zilitoka Uingereza na Uswisi. Uingereza kazi ya saa moja ilipita kwa makumi ya mafundi, kila mmoja na sehemu yake: huyu anachonga meno ya magurudumu, yule anatengeneza kamani, mwingine akrabu, mwingine kasha. Uswisi sehemu nyingi zilitengenezwa majumbani katika milima ya Jura. Matokeo yake kila saa ilikuwa na vipimo vyake peke yake. Gurudumu likivunjika, fundi alilazimika kulichonga jingine kwa tupa hadi likubali kukaa.

Dennison aliona kwamba ghala la silaha la serikali huko Springfield, Massachusetts, lilikuwa linatengeneza bunduki zenye sehemu zinazobadilishana. Siri yake ilikuwa geji: kila sehemu hupitishwa kwenye kipimo cha chuma, na isiyoingia hutupwa. Dennison alitaka jambo hilohilo kwa saa, ambako makosa yanayovumilika ni madogo mara nyingi kuliko ya bunduki. Alimpata Edward Howard, mtengenezaji wa saa kubwa na mizani, mshirika wa Howard aitwaye David Davis, na Samuel Curtis aliyetoa fedha. Mwaka 1850 walijenga kiwanda Roxbury, pembezoni mwa Boston.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Saa ya kwanza waliyoibuni ilikusudiwa kukaa siku nane kwa kutiwa ufunguo mara moja, lakini haikushika majira vizuri, ikaachwa na nafasi yake kuchukuliwa na saa ya siku moja na nusu. Mashine nyingi hazikuwepo popote, ikabidi zibuniwe na kuundwa palepale. Vumbi la Roxbury liliingia kwenye mitambo. Mwaka 1854 kampuni, ambayo sasa iliitwa Boston Watch Company, ilihamia kwenye kiwanja cha wazi kando ya Mto Charles katika mji wa Waltham. Fedha ziliisha kabla ya kazi kukaa sawa. Mwaka 1857, saa zipatazo 5,000 tu zikiwa zimetengenezwa, kampuni ilifilisika. Kiwanda kiliuzwa kwa mnada na kununuliwa na Royal Robbins, mfanyabiashara wa saa wa New York. Howard alirudi Roxbury na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Dennison alibaki kwa miaka michache, kisha akaondoka, na mwishowe akaishi Birmingham, Uingereza, ambako alitengeneza makasha ya saa.

Robbins hakuwa fundi, lakini alijua soko. Mwaka 1859 kampuni ilipewa jina la American Watch Company. Saa iliyoitwa kwa mwaka wa mauzo, modeli ya 1857, ndiyo iliyokuwa saa ya kwanza ya Waltham kutoka kwa maelfu bila kubadilishwa sana umbo.

Vita vilivyoangusha nguo na kuinua saa

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viligusa bidhaa zote mbili kwa namna zinazopingana. Pamba ya kusini ilikatika, viwanda vya Massachusetts vikapunguza kazi au kusimama, na merikani ikaadimika Zanzibar huku bei yake ikipanda. Wafanyabiashara wa pwani walijaza pengo kwa vitambaa vya Uingereza na India. Merikani ilirudi baada ya vita, lakini haikurudi peke yake, na kadiri viwanda vya Bombay vilivyokua katika miongo iliyofuata, vitambaa vyake vya bei nafuu viliisukuma sokoni. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867, enzi ya ukuu wa kitambaa cha Marekani ilikuwa imeshapita kilele chake.

Enzi ya Kazembe nayo ilikuwa inabanwa. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga dola yake Bunkeya, Katanga, aliikata njia ya shaba ya magharibi. Mwaka huohuo wa 1867 mfanyabiashara Tippu Tip alimshinda mtawala Nsama wa Itabwa, mashariki ya Mweru, na kuchukua pembe nyingi, na kuanzia hapo wafanyabiashara wenye bunduki waliingilia hata ugomvi wa kurithi kiti cha Mwata. Katika miaka ya 1890 Uingereza na Dola Huru ya Kongo ziligawana nchi kwa mpaka wa Luapula, na mwaka 1899 askari wa Waingereza waliuchoma moto mji wa Mwata.

Waltham, kiwanda cha saa kilinusurika kwa sababu ya vita vilevile. Mwanzoni Robbins alipunguza wafanyakazi akingoja hali mbaya. Badala yake askari walitaka saa. Mtu aliyezoea kuongozwa na jua la shambani alijikuta katika jeshi linaloondoka, kula na kubadilishana zamu kwa saa iliyotajwa. Kampuni ilitoa saa ya bei ya chini iliyoitwa William Ellery, kwa jina la mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani, na ikauzwa kwa maelfu. Rais Abraham Lincoln naye alikuwa na William Ellery yake. Vita vilipokwisha kampuni ilikuwa na faida, na ilikuwa na washindani pia: mwaka 1864 mafundi waliotoka Waltham walisaidia kuanzisha kampuni ya saa ya Elgin, Illinois, ambayo baadaye iliipita Waltham kwa wingi wa saa.

Mashine zilizowatisha Waswisi

Katika miaka ya 1860 na 1870 Waltham iliwekeza zaidi katika mashine kuliko katika miundo mipya ya saa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa skrubu, kwa kuwa saa moja ina skrubu nyingi ndogo sana, zenye hesi laini kuliko jicho linavyoweza kukagua. Fundi Charles Vander Woerd aliunda mashine iliyozitengeneza yenyewe: waya unaingia upande mmoja, skrubu zilizokamilika zinaanguka upande wa pili, na mfanyakazi mmoja anasimamia mashine kadhaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa magurudumu, mihimili na mawe ya yakuti yanayokalia ncha za mihimili ili zisilike.

Mashine hazikuondoa ustadi wote. Gurudumu la mizani, linaloyumba mara tano kwa sekunde katika saa nyingi za aina hiyo, hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, na kamani yake nyembamba hulegea saa inapopata joto. Kwa hiyo saa bora zilirekebishwa moja moja na mafundi wazoefu, zikajaribiwa ndani ya barafu na ndani ya tanuri, zikilazwa, zikisimamishwa na kupinduliwa. Idadi kubwa ya wafanyakazi walikuwa wanawake, kama kwenye kiwanda cha nguo cha mji huohuo, kwa sababu wenye mali waliamini mikono yao inafaa kazi ndogondogo na kwa sababu waliwalipa kidogo kuliko wanaume.

Dunia ilifahamu mambo haya katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876. Waltham ilionyesha mashine za skrubu zikifanya kazi mbele ya watazamaji, na saa zake zikapata tuzo ya juu kwa usahihi. Mmoja wa waamuzi, Mswisi Edouard Favre-Perret, aliomba saa ya kawaida ya kiwanda, akaijaribu na kuipeleka nyumbani, kisha akawaonya wenzake wazi kwamba Uswisi imepitwa. Mauzo ya saa za Uswisi Marekani yalikuwa yameshaporomoka, kutoka faranga milioni 18 mwaka 1872 hadi chini ya milioni 5 mwaka 1876. Mhandisi Jacques David wa kampuni ya Longines alitumwa pamoja na Théo Gribi kuvichunguza viwanda vya Marekani, na taarifa yao ikawataka Waswisi waige mashine, geji na utaratibu wa kiwanda kimoja. Waswisi waliisikiliza taarifa hiyo, na matokeo yake yaliikuta Waltham nusu karne baadaye.

Saa ya reli

Mteja aliyeipa Waltham heshima kubwa kuliko wote alikuwa reli. Treni za Marekani zilipita kwenye njia moja, zikielekea pande zote mbili, na zilipishana kwenye vituo kwa kufuata ratiba. Dakika chache za kosa ziliweza kugonganisha treni. Mwaka 1870 kampuni ilitoa saa iitwayo Crescent Street, kwa jina la mtaa wa kiwanda chake, iliyokusudiwa wafanyakazi wa reli. Tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli za Marekani na Kanada ziliacha mamia ya majira ya miji na kugawa bara katika kanda chache, kila kanda ikipishana na jirani yake kwa saa moja kamili.

Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na watu wakafa, kwa sababu saa ya dereva mmoja ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Webb Ball, muuza vito wa Cleveland, alipewa kazi ya kukagua saa za reli. Masharti yaliyokuja kuenea yalitaka saa yenye uso wazi, tarakimu zinazosomeka kwa haraka, mawe 17 au zaidi, iliyorekebishwa kwa joto, baridi na mikao mbalimbali, na isiyokosea zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Akrabu zake zisogezwe kwa kuvuta kwanza kijiti kidogo kilichofichwa chini ya kioo, ili zisisogezwe kwa bahati mbaya wakati wa kuitia saa ufunguo. Aina ya Vanguard ya Waltham ilikuwa miongoni mwa saa zilizotimiza masharti hayo kwa miongo mingi.

Majira ya reli yalifika pia Afrika ya kusini na kati. Afrika Kusini ilianza mwaka 1903 kutumia majira yanayotangulia yale ya Greenwich kwa saa mbili, yaani majira ya longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Reli kutoka kusini ilifika Maporomoko ya Victoria mwaka 1904, Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906, na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Wanaume wa bonde la Luapula walivuka mto kwenda migodi ya Katanga, na baadaye wakaelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko zamu zilianza na kuisha kwa king'ora, na mshahara ulihesabiwa kwa siku za zamu zilizojazwa.

Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne. Mwansabombwe iko karibu na nyuzi 28 na robo tatu mashariki, magharibi kidogo ya nyuzi 30 za majira hayo, kwa hiyo jua la mchana huifikia dakika tano baada ya saa kuonyesha kwamba limeshafika katikati ya mbingu. Kanuni hiyohiyo ndiyo waliyoitumia Lacerda na Livingstone kutafuta mahali walipo kwenye ramani, kwa kulinganisha majira ya pale na majira ya mahali panapojulikana. Kwenye latitudo ya Luapula, kosa la dakika moja tu la saa huhamisha mji kwa kilomita 27 hivi. Livingstone alitembea na kronometa za Kiingereza zilizotikiswa, kuangushwa na kusimama njiani, akalazimika kutegemea pia vipimo vya mwezi na nyota.

Kushuka kwa kampuni

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waltham ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na mwaka 1907 ilichukua jina la Waltham Watch Company. Soko lilikuwa limeanza kubadilika. Chini yake palikuwa na saa za bei ya kutupwa, hasa ile ya Ingersoll iliyouzwa kwa dola moja tangu miaka ya 1890. Pembeni palikuwa na Waswisi waliojifunza mashine bila kuacha ubunifu wa miundo mingi. Vita Kuu ya Kwanza iliwazoesha wanaume kufunga saa mkononi, na mashine nyingi za Waltham zilikuwa zimeundwa kwa saa kubwa za mfukoni. Kampuni ilitengeneza pia saa za mkononi, saa za magari na saa za ndege. Ndege ambayo Charles Lindbergh aliirusha peke yake kuvuka Atlantiki mwaka 1927 ilikuwa na saa ya Waltham kwenye dashibodi.

Tatizo kubwa lilikuwa fedha. Akiba ya bidhaa zisizouzwa na madeni viliifikisha kampuni ukingoni mwa kufilisika mwaka 1923, mabenki ya Boston yakaichukua na kumpa uongozi Frederic Dumaine. Mtu huyu alikuwa mkuu wa Amoskeag, moja ya kampuni kubwa za nguo za New England, na aliendesha saa kama wenye viwanda vya nguo walivyoendesha nguo zilipoanza kushindwa: alipunguza gharama, alikata mishahara na kukusanya fedha taslimu. Kukatwa kwa mishahara kulisababisha mgomo mrefu mwaka 1924. Kampuni ilipata faida kwa miaka kadhaa, lakini mashine zilizeeka na miundo mipya ilikuwa michache.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kilifanya kazi za jeshi, huku saa za Uswisi, nchi isiyopigana, zikilijaza soko la raia wa Marekani. Dumaine aliuza sehemu yake mwaka 1944. Amani iliporudi Waltham ilikuwa na jina zuri na kiwanda cha zamani. Mwishoni mwa mwaka 1948 iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai, mkopo wa serikali mwaka uliofuata haukuiokoa, na kazi ikasimama na kuanza tena mara kadhaa. Mwaka 1957 utengenezaji wa saa ulikoma. Kilichobaki cha kampuni kikageukia vipima mwendo na vifaa vya ndege, na jina la Waltham likaendelea kuandikwa kwenye saa zilizotengenezwa Uswisi. Elgin na Hamilton, washindani wake wakubwa wa Marekani, nao walikuwa wameacha kutengeneza saa nchini humo ilipofika mwisho wa miaka ya 1960.

Majengo ya kiwanda bado yapo kwenye mtaa wa Crescent, yakiwa na ofisi na makazi. Kiwanda cha nguo cha mwaka 1814, kilichotangulia yote hayo, sasa kina jumba la makumbusho la viwanda la Mto Charles, ambamo mitambo ya nguo na saa za Waltham vinaonyeshwa pamoja.